UZI: Mchezo wa jukwaani ukiwa bado kwenye maonyesho ya majaribio, gazeti liuandike au linyamaze?

Pazia Jekundu (mleta uzi), Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Hili jambo nimelibeba kichwani muda mrefu na leo naliweka mezani tulijadili kwa kirefu, kwa sababu kila likiguswa linaishia kwenye mistari miwili mitatu na watu kurushiana maneno.

Kwa ambao hawafuatilii sana: New York na London mchezo mkubwa haufunguliwi kwa mkupuo. Kwanza unaonyeshwa wiki kadhaa mbele ya watu waliolipa viingilio, huku mwongozaji, mtunzi na mafundi wakiurekebisha mchana na kuujaribu tena usiku. Wimbo ulioimbwa Jumanne unaweza usiwepo Jumatano. Muda wote huo wahakiki wa magazeti hawaandiki. Kwa New York, wanaalikwa siku za mwisho mwisho, wanakaa na makala yao, na yanatoka yote kwa pamoja usiku wa ufunguzi rasmi. Hakuna sheria ya nchi inayowabana. Ni makubaliano tu kati ya magazeti na watayarishaji, na yameshikwa kwa miaka mingi kama desturi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukimya huo ni haki ya mchezo ambao bado unashonwa, lakini una bei, na wa kuilipa ni mtayarishaji. Atangaze tarehe ya ufunguzi na aishike. Amwambie mnunuzi wa tiketi waziwazi kwamba anachouziwa hakijakamilika, na apunguze bei. Asipofanya hivyo, gazeti halina deni lolote kwake, maana mwenye deni lake ni msomaji aliyetoa hela mfukoni.

Kesi inayonifanya niseme hivi ni ya mchezo wa muziki wa Spider-Man: Turn Off the Dark, pale Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Muziki wa Bono na The Edge wa bendi ya U2, mwongozaji Julie Taymor, yule yule aliyeipeleka The Lion King jukwaani ikapendwa dunia nzima. Bajeti ilikuwa dola milioni 65, na mpaka mwisho ikawa inatajwa milioni 75. Broadway haijawahi kuona mchezo wa gharama hiyo.

Onyesho la kwanza la majaribio lilikuwa Jumapili, 28 Novemba 2010, ukumbi wa Foxwoods, mtaa wa 42. Usiku ule mchezo ulisimamishwa mara tano kwa sababu ya mitambo. Sehemu ya kwanza iliisha huku Spider-Man mwenyewe ananing'inia kwenye kamba juu ya vichwa vya watazamaji, mafundi wako chini wanarukia miguu yake ili wamvute. Mpaka wote wanatoka ukumbini, onyesho lilikuwa limechukua muda wa zaidi ya saa tatu. Katikati ya kusimama kwingine sehemu ya pili, mwanamke mmoja alipaza sauti akasema anajiona kama panya wa maabara. Wenzake wakamzomea. Haya tunayajua kwa sababu New York Times iliyaandika kesho yake kama habari. Haikuandika uhakiki, haikusema mchezo mzuri au mbaya. Ilisema nini kimetokea.

Halafu angalieni tarehe za ufunguzi. Ilikuwa 21 Desemba. Ikasogezwa 11 Januari 2011. Ikasogezwa 7 Februari. Ikasogezwa 15 Machi. Na kila tarehe iliposogezwa, tiketi ziliendelea kuuzwa, nyingine zaidi ya dola 100 kwa kiti kimoja. Ukumbi unajaa, hela inaingia, na wahakiki wamekaa kimya wanasubiri kualikwa kwenye ufunguzi ambao hauji.

Wakachoka. Mwishoni mwa Desemba, Jeremy Gerard wa Bloomberg na Linda Winer wa Newsday walitangulia kuandika. Kisha tarehe 7 Februari, siku ambayo mchezo ulikuwa ufunguliwe kabla ya kusogezwa tena, magazeti makubwa yakaamua kwa pamoja: tunanunua tiketi zetu wenyewe na tunaandika. New York Times, Washington Post, Los Angeles Times, Chicago Tribune, wote. Ben Brantley wa Times alisema huenda ukaingia kwenye orodha ya michezo mibaya kuliko yote. Watayarishaji walilalamika sana kwamba wameonewa kwa kuhukumiwa kabla ya kumaliza kazi.

Mimi nasema hawakuonewa. Ukimuuzia mtu kitu kwa bei kamili, umemwambia kimekamilika. Huwezi kumwambia mnunuzi kimeiva halafu umwambie mhakiki kibichi.

Na hili si jipya. Mwaka 1983 mchezo wa Merlin ulifanya vivyo hivyo pale pale Broadway, ufunguzi unaahirishwa na bei ni kamili, na Frank Rich wa Times hakusubiri, aliuandika kabla ya ufunguzi. Desturi yenyewe ya wahakiki kuingia kwenye maonyesho ya mwisho ya majaribio ilianza kwa ugomvi. Zamani mhakiki alikwenda usiku wa ufunguzi, pazia likishuka anakimbia chumba cha habari, ana kama saa moja tu kabla mitambo haijaanza kuchapa. Mwaka 1966 Stanley Kauffmann, mhakiki mpya wa Times, akaona hiyo si namna ya kumtendea mwandishi wa tamthilia haki, akaamua kuingia siku moja kabla. Mchezo ulikuwa Philadelphia, Here I Come! wa Brian Friel, mtayarishaji David Merrick. Merrick aliposikia mhakiki anakuja alifuta onyesho zima la usiku huo, akasema panya ameingia kwenye jenereta. Watu walirudishwa na tiketi zao mkononi ili mtu mmoja asione.

Mniambie mnaonaje. Najua humu kuna watu wa jukwaani wenyewe, na hao ndio nataka kuwasikia.

---

Kisiwa cha Pili

Mkuu, uzi mzito huu. Swali moja tu: baada ya hao wahakiki kuuchana, mchezo ulikufa? Maana hoja ya watayarishaji huwa ni kwamba uhakiki wa mapema unaua ajira za watu.

---

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Ndugu yangu, haukufa. Wiki moja ya Januari 2011, katikati ya habari zote zile za kuvunjika na kusimama, ulivuna hela kuliko Wicked, mchezo mwingine wa Broadway uliokuwa haushikiki. Na hata uhakiki wa Februari ulipotoka, watu hawakuacha kujaza viti.

Kilichotokea ni kingine, na ndicho kinanipa moyo kwenye hoja yangu. Machi Taymor akaondolewa, akaletwa Philip William McKinley, na Roberto Aguirre-Sacasa akapewa kuandika upya hadithi. Aprili wakafunga ukumbi kama wiki tatu, wakaubomoa mchezo na kuujenga tena, na ufunguzi rasmi ukafanyika 14 Juni 2011 baada ya maonyesho 182 ya majaribio. Hakuna mchezo Broadway uliofika hapo. Ukaendelea mpaka Januari 2014. Hasara ilikuwa kubwa mno, inakadiriwa ilifika dola milioni 60, lakini hiyo ilitokana na gharama za kuuendesha kila wiki. Huwezi kumbebesha mhakiki.

---

FundiTaa Nairobi

Mleta uzi, nimekusoma mwanzo hadi mwisho na ninakuheshimu, lakini kuna upande hujauona kwa sababu hujawahi kukaa nyuma ya jukwaa usiku wa kwanza. Acha nikuelezee.

Mimi kazi yangu ni taa. Hapa kwetu kikundi kinakodi ukumbi kwa siku, na kila siku ni pesa. Kwa hivyo mazoezi yote yanafanyika kwenye darasa la shule, kwenye chumba cha kanisa, popote pa bure. Unaingia ukumbini Alhamisi, ukibahatika Jumatano jioni. Mchana kutwa uko juu ya ngazi unafunga taa, unazielekeza, unaweka karatasi za rangi. Ule mpangilio wa taa, kwamba hapa ziwake, hapa zififie taratibu kwa sekunde tano, hapa giza totoro, tumeuandika kwenye daftari tukikisia, kwa sababu waigizaji hatujawaona wakitembea kwenye jukwaa lenyewe. Ijumaa saa kumi na mbili jioni watu wanaanza kuingia.

Sasa usiku mmoja, mwigizaji wetu mkuu alikuwa na maneno marefu ya kumlilia mamake. Kwenye darasa alikuwa akiyasema amesimama katikati. Ukumbini, kwa hisia za usiku ule, akasogea hatua tatu kushoto na kupiga magoti. Taa yangu moja ya juu iko katikati inaangaza sakafu tupu. Yeye yuko gizani, sauti tu ndiyo inasikika. Nikajaribu kumfuata na taa ya pembeni, ikamgonga usoni, akafumba macho. Kesho yake kijana mmoja mwenye ukurasa wake wa mtandaoni akaandika kwamba mwongozaji wetu haelewi matumizi ya mwanga na kwamba giza lile halikuwa na maana. Jumamosi mchana tulikuwa tumelirekebisha, dakika kumi tu zilitosha. Lakini aliyesoma Jumamosi asubuhi hakuja Jumapili.

Mwongozaji yule ni dada ambaye alikopa kwa chama chake ili alipe ukumbi. Usimfananishe na mtu wa dola milioni 65. Mnapozungumza kuhusu haki ya mnunuzi tiketi, kumbukeni mnunuzi wetu alilipa bei ya chakula cha mchana, na anayepigwa mawe ni mtu ambaye kosa lake la pekee ni kukosa siku mbili za kufanya mazoezi ya taa. Sisi hatuna maonyesho ya majaribio. Ijumaa yetu ndiyo majaribio, hata kama kwenye bango imeandikwa uzinduzi.

---

Binti Kilindini (London)

FundiTaa pole kaka, nimeiona ile taa kwenye sakafu tupu kama vile nilikuwepo.

Niongeze la huku. Agosti 2015 Benedict Cumberbatch aliigiza Hamlet ukumbi wa Barbican. Tiketi zote zilikuwa zimenunuliwa mwaka mzima kabla. Onyesho la kwanza la majaribio likawa tarehe 5, na ufunguzi wa wahakiki ulipangwa tarehe 25. Gazeti la The Times la huku London halikusubiri, likachapa uhakiki wake baada ya usiku ule wa kwanza, na Daily Mail nao wakachapa wao. Watu wa tamthilia walikasirika vibaya sana.

Ninachotaka mkitazame ni kitu kimoja. Usiku ule wa kwanza, mwongozaji Lyndsey Turner alikuwa ameyahamisha yale maneno maarufu ya Hamlet ya kuwa au kutokuwa, akayaweka mwanzoni kabisa mwa mchezo. Magazeti yakalipigia kelele hilo. Kabla ya tarehe 25 maneno yale yalikuwa yamerudi ndani ya mchezo. Kwa hiyo wahakiki wengine waliokuja siku rasmi waliona mchezo tofauti, na uhakiki wa The Times ukabaki unazungumzia kitu ambacho hakipo.

Hapo mimi niko na FundiTaa. Tarehe ilikuwa imetangazwa, haikusogezwa hata siku moja. Mtayarishaji alitimiza ahadi yake. Na msomaji hakuhitaji kuonywa asinunue tiketi, kwa sababu hapakuwa na tiketi ya kununua. Gazeti lilikimbilia jina la mwigizaji. Kwa kipimo chako mwenyewe mleta uzi, The Times walikosea.

Ila kuna upande wa pili ambao wenye kumbi hawataki kuusikia. Watazamaji hawajafunga mkataba na mtu. Mwaka 2010 Andrew Lloyd Webber alileta mchezo wa Love Never Dies pale ukumbi wa Adelphi. Jamaa wawili wenye blogu yao, West End Whingers, walinunua tiketi za majaribio kama mtu mwingine yeyote, wakaandika, na wakaupachika mchezo jina la utani, Paint Never Dries, yaani rangi isiyokauka. Jina likaenea mpaka magazetini. Mwaka huo huo, miezi baadaye, mchezo ukarekebishwa kwa kiasi kikubwa. Sasa kama shabiki aliyelipa anaandika usiku ule ule, kumnyamazisha mhakiki aliyesomea kazi yake ni kumwachia uwanja asiyeisomea.

---

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Dada Binti, kwenye Hamlet nakubaliana na wewe neno kwa neno. Tarehe ilishikwa, deni lilikuwepo, The Times hawakulilipa.

FundiTaa, ulichoandika kimenikaa. Lakini naomba nikupe upande mwingine, kwamba kuandikwa mapema si lazima kuwe kupigwa mawe. Kabla Broadway haijazoea kufanya majaribio pale pale New York, mchezo ulipelekwa kwanza miji mingine: New Haven, Boston, Philadelphia. Oklahoma! ilianzia New Haven Machi 1943 ikiwa na jina jingine kabisa, Away We Go!, kisha Boston, ndipo New York mwisho wa mwezi huo huo. Na kule magazeti ya mji yaliandika bila kusubiri, kwa sababu mkazi wa Boston alikuwa amelipa kama mkazi wa New York.

Boston kulikuwa na mhakiki anaitwa Elliot Norton. Mwaka 1965 Neil Simon alifika na The Odd Couple, na sehemu ya tatu ilikuwa inamsumbua, haichekeshi. Norton akamhoji kwenye televisheni, akasema wale dada wawili Waingereza, Pigeon, walikuwa wazuri sana sehemu ya pili, mbona hawarudi tena? Simon akaenda akaandika upya, akawarudisha, na mchezo ukakaa sawa. Simon mwenyewe alilisimulia hilo maisha yake yote kwa shukrani.

Norton aliandika mapema na hakumwua mtu. Alijua anaangalia kitu ambacho kinaendelea kutengenezwa, na aliandika kwa namna hiyo: hapa panafanya kazi, hapa hapafanyi, nadhani dawa ni hii. Kijana wako wa ukurasa wa mtandaoni alihukumu dada wa watu kama vile amemaliza. Ugomvi wangu na yeye hauko kwenye siku aliyoandika, uko kwenye namna aliyoandika.

---

Mwalimu wa Zamani

Wanangu, shikamooni hamkusema, lakini marahaba. Nimesoma na nina la kuongeza, kwa sababu naona mnazungumzia magazeti na wafanyabiashara peke yao, na kwetu Kenya kuna mkono mwingine uliokuwa ukiamua mchezo ufunguliwe au usifunguliwe.

Mwaka 1977 kule Kamiriithu, Limuru, wanakijiji walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda hadharani. Uwanja ulikuwa wazi, hauna kuta za kuficha. Mkulima anatoka shambani, anasimama anaangalia mazoezi, na akiona mwigizaji anashika jembe vibaya au mzee anaongea tofauti na wazee wanavyoongea, anasema pale pale, na inasahihishwa. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walikuwa wameandika, lakini kijiji kikahariri. Hapakuwa na siri ya mazoezi na hakuna aliyeona ameonewa. Mchezo ukafunguliwa Oktoba, watu wakaja kwa mabasi. Novemba leseni ikafutwa, na Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini.

Sasa lije la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Mwaka 1982 kikundi hicho hicho kilitayarisha Maitũ Njugĩra kwa ajili ya ukumbi wa Kenya National Theatre. Leseni haikutolewa. Walipofika siku yao Februari, mlango ulikuwa umefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaendelea na mazoezi tu, na watu wakawa wanaingia kuangalia mazoezi. Maelfu ya watu waliona mchezo ule kwa njia hiyo, mpaka wakafukuzwa na pale. Mwezi wa tatu jukwaa la wazi la Kamiriithu likabomolewa.

Mchezo huo haujawahi kufunguliwa. Haukuwa na usiku wa wahakiki. Kila aliyeuona aliuona kwenye mazoezi. Mwandishi wa habari wa wakati ule angeshika desturi hii mnayoijadili, kwamba kabla ya ufunguzi hatuandiki, angengojea mpaka leo. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wanaosomea uandishi: mkiamua kunyamaza, jueni ni nani anayefaidika na ukimya wenu siku hiyo. Wakati mwingine ni msanii, na mnyamaze kwa moyo mweupe. Wakati mwingine ni mwenye hela. Wakati mwingine ni askari mwenye kufuli.

---

Kisiwa cha Pili

Shikamoo Mwalimu. Asante. Hii ya mwisho sikuwa naijua.

---

FundiTaa Nairobi

Shikamoo Mwalimu. Nimekubali hilo. Mlango ukifungwa na kufuli, andika usiku huo huo.

Pia niseme kitu ambacho hakuna fundi atakayekataa. Tarehe 20 Desemba 2010, kwenye mchezo huo huo wa Spider-Man, Christopher Tierney alianguka kutoka kwenye jukwaa la juu, zaidi ya mita sita, kwa sababu kamba yake ya usalama haikuwa imefungwa upande wa pili. Alivunjika mbavu na fuvu lilipata ufa. Hata kabla ya hapo, Oktoba, mwenzake alivunjika vifundo vya mikono yote miwili wakati wakiwaonyesha wauza tiketi jinsi watu wanavyoruka. Natalie Mendoza naye aligongwa kichwani na kifaa usiku ule wa kwanza wa majaribio, baadaye akaacha kazi. Mwezi Machi idara ya serikali ya Marekani ya usalama kazini ikaipiga kampuni faini ya dola 12,600.

Kamba ile kuna mtu alitakiwa kuifunga, na kuna mtu wa pili alitakiwa kuikagua. Nimefanya kazi sehemu ambapo mtu mmoja anafanya yote mawili na bado anavuta pazia. Kama magazeti yangesema hili ni onyesho la majaribio hatuandiki, nani angewauliza wenye mchezo maswali? Uhakiki unaweza kungoja. Mtu aliyeanguka hawezi kungoja ufunguzi rasmi.

Lakini uhakiki, mleta uzi, bado nasema ungoje.

---

Kalamu ya Ijumaa

Ndugu zangu, mimi ndiye mnayemzungumzia. Naandika kurasa za utamaduni kwenye gazeti moja hapa Nairobi. Sijafurahi kusoma alichofanyiwa yule dada, na niwaelezee kinachonibana, mnishauri.

Mchezo wa kwetu mara nyingi ni wikendi moja: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, umekwisha. Ukurasa wangu unatoka siku moja kwa wiki, na naufunga siku mbili kabla. Nikisubiri ufunguzi wa Ijumaa, uhakiki wangu unatoka wakati maleba yamesharudishwa kwenye sanduku. Msomaji anasoma kuhusu kitu ambacho hawezi kukiona tena. Mwongozaji anapata maneno ya kubandika ukutani, lakini hapati mtazamaji hata mmoja. Nikiingia mapema kwenye mazoezi, ndiyo kesi ya FundiTaa. Na nikiandika tu yale niliyoletewa na kikundi wenyewe, kwamba mchezo ni moto, msikose, basi nimekuwa bango. Kwa bahati mbaya hilo la tatu ndilo tunalolifanya zaidi, na wasomaji wameshatujua. Hawatuamini tena, hata tukisema kweli kwamba mchezo ni mzuri.

Desturi ya New York imeshonwa kwa mwili wa mchezo unaokaa miezi au miaka. Kwetu haitoshi. Nifanyeje?

---

Binti Kilindini (London)

Kalamu, kwa nini usiandike makala ya kabla? Huhukumu. Unaingia mazoezini mapema, wiki mbili kabla, unaandika wanachokijaribu: hadithi inatoka wapi, mwongozaji anahangaika na nini, ule mlio wa ngoma wameupataje. Msomaji anapata sababu ya kwenda au kutokwenda, na hujamwambia nani ameigiza vibaya. Huku yanaandikwa sana na yakiandikwa vizuri yanasomeka kuliko uhakiki.

---

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Dada, hilo ni zuri, lakini linaacha pengo. Makala ya kabla hayawezi kumwambia msomaji mchezo ni mbovu. Na michezo mibovu ipo, na mtu ana nauli ya kutoka Kitengela na kurudi usiku.

Kalamu, pendekezo langu: uhakiki wa Ijumaa utoke mtandaoni Jumamosi asubuhi, mfupi, na useme kwenye mstari wa kwanza kwamba ulichokiona ni usiku wa kwanza. Kisha urudi Jumapili uangalie tena kabla ya kuandika ule wa gazetini. Kama taa ile ya FundiTaa ilishahamishwa, useme imehamishwa.

---

Kalamu ya Ijumaa

Kurudi Jumapili ni kwa hela yangu, mhariri halipi mara mbili. Lakini hilo la mstari wa kwanza nalichukua leo hii.

---

FundiTaa Nairobi

Kalamu, hela ya Jumapili isikusumbue, vikundi vingi vitakuwekea kiti. Na kama unaogopa kuonekana umehongwa kwa kiti, kaa na mimi kwenye kibanda cha taa, huko hakuna anayelipa.

Na nikuambie jambo ambalo nitawaambia viongozi wa kikundi chetu pia. Mchezo wetu ujao tuwe na Alhamisi. Bango liandike wazi kwamba Alhamisi ni majaribio, kiingilio nusu, na kwamba waandishi wanakaribishwa lakini uhakiki wasubiri Ijumaa. Tutakosa usiku mmoja wa bei kamili na itabidi tulipe ukumbi siku ya ziada, kwa hivyo lazima tukae chini na hesabu kwanza. Lakini wewe uje Alhamisi uone tunakotoka, uje Ijumaa uone tulikofika, uandike unavyotaka. Usiku huo akianguka mtu, huhitaji ruhusa yangu.

---

Kalamu ya Ijumaa

Nimekubali. Nitumie tarehe kwa ujumbe wa faragha, na unitumie na jina la mwongozaji nimpigie mwenyewe. Nataka nisikie kutoka kwake kwamba anakubali, kabla sijamwahidi mhariri.